Neno Entrée na Mabadiliko ya Maana Zake

Mmarekani aingiapo katika mkahawa wa Paris na kupewa orodha ya vyakula, huliona neno entrée limeandikwa juu ya sehemu ya mwanzo ya orodha ile. Kwa desturi ya kwao, neno hilo ni jina la chakula kikuu, yaani nyama au samaki ambaye ndiye sababu ya mtu kukaa mezani. Basi huagiza kwa matumaini, na mtumishi humletea sahani ndogo ya mboga mbichi, au yai lililotiwa mchuzi, au kipande chembamba cha nyama baridi. Mmarekani hushangaa kwa uchache wa chakula, na Mfaransa hushangaa kwa mshangao wa Mmarekani. Neno ni moja, herufi zake ni zile zile, lakini kila mmoja amelitia maana yake.

Kisa hiki kidogo kina swali kubwa ndani yake, nalo ni swali ambalo kila mwanafunzi wa lugha hana budi kukutana nalo. Neno likiwa na maana mbili zisizopatana, ni nani mwenye haki? Wengi hujibu upesi kwamba haki iko upande wa asili. Entrée, husema wao, maana yake ni kuingia. Chakula cha kuingilia hakiwezi kuwa cha katikati. Kwa hiyo Mfaransa ni mwalimu, na Mmarekani ni mwanafunzi aliyesikia vibaya. Jawabu hilo ni jepesi, na wepesi wake ndio uliolieneza. Lakini historia ya neno hailiungi mkono.

Asili yenyewe haina fumbo. Kitenzi cha Kifaransa entrer, yaani kuingia, kimetoka katika Kilatini intrare, na entrée ni jina lililozaliwa na kitenzi hicho. Kiswahili, katika kitenzi chake ingia, hupata majina kadha wa kadha, kama vile mwingilio, kiingilio na uingiaji, na kila jina likapewa kazi yake. Kifaransa kililitwika neno moja mizigo yote hiyo. Entrée ni mlango. Ni tendo la kupita mlangoni. Ni ruhusa ya kupita. Ni fedha itolewayo ili mtu apite. Na kwa watungaji wa kamusi ni kidahizo, yaani neno lifunguliwalo na maelezo yake.

Miongoni mwa mizigo hiyo, ule wa fahari ulikuwa kuingia kwa mfalme mjini. Mfalme wa Ufaransa alipozuru mji mkubwa kwa mara ya kwanza katika utawala wake, wenyeji walimpokea kwa maandamano, matao yaliyopambwa, hotuba na michezo, na sherehe nzima iliitwa entrée. Mfalme Henri wa Pili alipoingia Rouen mwaka 1550, watu wa mji walijenga karibu na mto Seine kijiji cha mfano wa Brazil. Wakaweka humo watu wa Brazil waliokuwa wameletwa Ufaransa kwa meli, na pamoja nao mabaharia wa Normandie waliojifanya Wabrazili. Kuingia kwa namna hiyo hakukuwa kupita mlangoni tu. Kulikuwa na mpango: nani atangulie, nani afuate, na nani asimame wapi.

Katika ikulu ya Louis wa Kumi na Nne, aliyetawala tangu 1643 hata 1715, neno lilipata kazi nyingine. Mfalme alipoamka asubuhi, wakuu waliruhusiwa kuingia chumbani mwake kwa makundi, moja baada ya jingine, na kila kundi na haki yake ya kuingia iliitwa entrée. Aliyekuwa na haki ya kuingia mapema alimwona mfalme kabla hajavaa, na wakati huo mfupi aliweza kumnong'oneza haja yake. Haki ya kuingia ilikuwa mali. Kutokana na desturi kama hizo Kifaransa hata leo husema kwamba mtu ana entrées zake kwa fulani, yaani mlango wa mkubwa yule u wazi kwake, na Waingereza nao waliazima maana hiyo. Kadhalika katika ngoma za ikulu, kila kundi la wachezaji lilipotokea mbele ya watazamaji lilihesabiwa kuwa entrée moja. Louis mwenyewe, akiwa kijana, alicheza katika ngoma ya namna hiyo mwaka 1653, akivaa mavazi ya jua.

Mlangoni, chumbani na ngomani, maana zote hizi zina jambo moja la ushirika, nalo ni kutokea kwa utaratibu mbele ya watu. Karamu kubwa ya zama zile nayo ilikuwa onyesho la utaratibu. Vyakula havikuletwa ovyo. Vilitokea kama wacheza ngoma, kundi baada ya kundi. Kwa hiyo si ajabu kwamba neno la kuingia lilifika mezani.

Kitabu kiitwacho Livre fort excellent de cuysine, kilichopigwa chapa Lyon mwaka 1555, kina maelezo ya mipango ya karamu, na humo hupatikana maneno entrée de table, maana yake maingilio ya meza. Mwishoni mwa mpango hupatikana mwenzake, issue de table, maana yake matokeo ya meza. Karamu ilikuwa kama nyumba yenye mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Vilivyotangulia viliitwa maingilio. Vikafuata supu na nyama za kubanika. Kisha walaji wakatolewa kwa vitu vya kufungia chakula. Hapa neno lilikuwa karibu sana na asili yake. Lau historia ingalikoma mwaka 1555, hoja ya watetezi wa asili ingalikuwa na nguvu.

Lakini haikukoma. Mwaka 1651 mpishi La Varenne alitoa kitabu chake, Le Cuisinier françois, ambacho kilibadili upishi wa Ufaransa. Katika kitabu hicho supu zimetangulia, na entrées zimefuata. Neno limekwisha kusogea kutoka mlangoni. Kisha si mahali tu palipobadilika. Entrée sasa ni aina ya pishi: ni chakula cha moto, mara nyingi nyama, kilichopikwa katika mchuzi, kama kitoweo cha bata, au kuku wa kukatwakatwa, au paja la kondoo lililopikwa polepole. Kinatofautishwa na rôt, yaani nyama iliyobanikwa juu ya moto, ambayo ilikuwa na zamu yake baadaye. La Varenne hata aliweka sura ya entrées ziwezazo kupikwa penye majeshi, mahali ambapo hapana jumba wala karamu ya kifalme. Mpishi wa kambini hakuwa akifikiri juu ya mlango. Alikuwa akifikiri juu ya sufuria.

Ili jambo hili lifahamike vema, yafaa kueleza namna meza ilivyoandikwa katika zama hizo. Karamu iligawanywa katika zamu chache, na kila zamu ilijaza meza nzima kwa wakati mmoja. Katika zamu ya kwanza zilikuwako supu na entrées, kila bakuli na sahani mahali pake, upande huu ukilingana na upande ule. Supu zilipokwisha ziliondolewa, na mahali pake pakawekwa vyakula vilivyoitwa relevés, yaani vya kupokea nafasi. Zamu ya pili ilikuwa ya nyama za kubanika pamoja na vyakula vidogo. Zamu ya mwisho ilikuwa ya matunda na vitu vitamu. Mgeni alijipakulia katika sahani zilizokuwa karibu naye, na mwenye haya aliyekaa mbali na sahani nzuri aliweza kuondoka bila kuionja.

Katika mpango huo neno entrée lilibeba mambo mawili pamoja. La kwanza ni mahali: ilikuwa mali ya zamu ya kwanza. La pili ni namna: ilikuwa chakula cha moto chenye mchuzi, tena kizito. Ingawa mambo haya ni mawili, hayakuwa na sababu ya kugombana, kwa kuwa kila ilipokuwako zamu ya kwanza vilikuwako na vyakula hivyo. Ni siku za mfungo wa Kikristo tu ambapo nyama iliondoka, na samaki au mayai yakakaa katika kiti chake na kupewa jina lake. Katika siku hizo mtu makini angeweza kuona kwamba mahali ni kitu kimoja na namna ni kitu kingine. Lakini mfungo ulikwisha, nyama ikarudi, na tofauti ile ikasahauliwa.

Kilichotenga mambo hayo mawili ni mabadiliko ya uandazi katika karne ya 19. Desturi mpya, iliyoitwa ya Kirusi, iliingia Ufaransa, na mara nyingi sifa ya kuileta hupewa Mwanamfalme Alexander Kurakin, aliyekuwa balozi wa Urusi mjini Paris tangu 1808 hata 1812. Kwa desturi hiyo, vyakula havikujazwa mezani vyote pamoja. Vilikatwa jikoni na kuletwa kimoja kimoja, naye kila mgeni akapewa sehemu yake ingali moto. Wapishi wengi waliupinga mpango huu kwa sababu uliua fahari ya meza iliyojaa, lakini Urbain Dubois na Émile Bernard waliutetea katika kitabu chao La Cuisine classique, mwaka 1856, na polepole ukashinda.

Hapo zamu ya kwanza ilivunjika. Vyakula vilivyokuwa vikikaa pamoja kama ndugu katika jamvi moja vikalazimika kusimama katika mstari. Vitangulizi vidogo vilishika nafasi ya mbele, supu ikafuata, kisha samaki, kisha relevé, ndipo entrée, na nyuma yake nyama ya kubanika. Neno lenye maana ya kuingia likawa limesimama katikati ya msafara, na hakuna aliyelibadili, maana kila mpishi alijua kwamba entrée ni namna fulani ya chakula, wala hakuwa na haja ya kuuliza mlango uko wapi. Mpango wa chakula cha jioni cha daraja la kwanza katika meli ya Titanic, tarehe 14 Aprili 1912, ni ushahidi mzuri. Baada ya vitangulizi, supu na samaki aina ya salmoni, yaliletwa mapishi ya minofu ya ng'ombe, kuku na mung'unye uliojazwa. Kisha ndipo wakaja kondoo, bata na nyama ya kiuno cha ng'ombe, na baadaye sana ndege wa kubanika. Vyakula vile vilivyofuata samaki ndivyo ambavyo mpishi wa siku zile angeviita entrées, ijapokuwa walaji walikwisha kula zamu kadha kabla yake.

Waingereza walikuwa wamelipokea neno hili zamani. Lilikuwamo katika kitabu cha William Verral, mwenye nyumba ya wageni mjini Lewes, kilichotolewa mwaka 1759. Naye Verral alijifunza upishi chini ya mpishi Mfaransa. Bibi Beeton, katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1861, aliorodhesha entrées kati ya zamu ya kwanza na ya pili. Kutoka Uingereza na Ufaransa neno lilivuka bahari na kukaa katika hoteli kubwa za New York, kama ile ya ukoo wa Delmonico, likiwa na maana ile ile waliyoijua wapishi wa Paris: chakula cha moto chenye mchuzi, kitanguliacho nyama ya kubanika.

Basi ikaja karne ya 20, na mstari mrefu haukuweza kudumu. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu mwaka 1917, serikali yake ilihimiza watu wapunguze nyama na ngano ili majeshi na washirika wapate chakula. Sheria ya kukataza vileo, iliyodumu tangu 1920 hata 1933, iliziondolea hoteli za fahari faida yao, na Delmonico ya kale ikafungwa mwaka 1923. Watu wakala kwa haraka na kwa zamu chache. Zamu ya kubanika ilipokufa, entrée ikabaki peke yake kuwa chakula kizito cha moto, na nyama za kubanika zenyewe zikaingizwa chini ya jina lake. Mmarekani hakulihamisha neno kutoka mwanzo kwenda katikati. Alilikuta katikati, akaondoa vilivyolizunguka, na likawa kuu kwa kubaki.

Ufaransa nayo ilipunguza zamu za meza yake, lakini ilikata mahali pengine. Auguste Escoffier, katika Le Guide culinaire ya mwaka 1903, aliandika sura kubwa sana ya relevés na entrées, nayo imejaa nyama za kila namna. Miaka michache baadaye, katika mikahawa ya kawaida, orodha ya vyakula ilifupishwa, na wasemaji wengi wakaanza kulitumia neno entrée kwa chakula chepesi cha kufungulia. Yamkini sauti ya neno lenyewe iliwashawishi, kwa maana kila Mfaransa husikia ndani yake kitenzi cha kuingia. Prosper Montagné hakupendezwa. Katika kamusi yake kubwa ya upishi, Larousse gastronomique ya mwaka 1938, alionya kwamba neno hilo halina kabisa maana ya chakula cha kwanza kama watu wengi wanavyodhani. Entrée, alieleza, hufuata relevé, ambayo nayo hufuata samaki. Onyo lake lilikuwa la kweli kwa historia ya upishi, na halikusikilizwa na mtu. Leo Mfaransa ambaye angesema kama Montagné angeonekana kuwa mgeni katika nchi yake.

Hapa ndipo hukumu ya upesi inapoanguka. Maana inayodaiwa kuwa ya asili, nayo ndiyo ya Paris leo, haikuja moja kwa moja kutoka mwaka 1555. Ni maana iliyopotea kwa karne nyingi ikazaliwa upya katika karne ya 20, tena ilipozaliwa ililaumiwa na wajuzi kuwa kosa. Maana idhaniwayo kuwa kosa, nayo ndiyo ya Marekani, imehifadhi namna ya chakula ambacho La Varenne na Escoffier walikiita kwa jina hilo. Urithi uligawanywa kama mali ya marehemu: mmoja alichukua mahali, mwingine alichukua namna, na hakuna aliyeiba cha mwenziwe. Mgawanyo huo waonekana hata katika nchi nyingine. Huko Quebec, kwa wasemao Kifaransa, entrée hutangulia. Kwa majirani zao wa Kanada wasemao Kiingereza, ni chakula kikuu. Australia, ambayo husema Kiingereza, imesimama upande wa Ufaransa.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali ili apate mfano wa namna hii. Staftahi, chakula cha asubuhi, ni neno litokanalo na Kiarabu, na shina lake ni kufungua, kama vile kifungua kinywa kinavyofungua. Lakini akila mtu maandazi na chai saa kumi jioni akiwa hajala kitu tangu alfajiri, hasemi kwamba amekula staftahi, ingawa kinywa amekifungua wakati huo. Desturi imeifunga maana katika asubuhi, na shina halina amri tena. Futari nayo, katika Kiarabu cha miji mingi, shina lake hutaja chakula cha asubuhi cha kila siku. Pwani ya Afrika ya Mashariki ni chakula cha magharibi katika mwezi wa Ramadhani. Mwarabu hana kosa, na Mswahili hana kosa. Wote wawili wanafungua, isipokuwa kila mmoja ana saa yake.

Jambo hili si la mchezo kwa watu wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Msomi aliyesomea Bukavu au Bujumbura, ambako Kifaransa ni lugha ya shule, hulijua neno entrée kwa maana ya Paris. Mwenzake wa Nairobi au Dar es Salaam, akiwa amesoma Marekani, hulijua kwa maana ya New York. Wote wawili husema Kiswahili, na wakikutana kutafsiri orodha ya vyakula kwa ajili ya mkutano, huenda kila mmoja akamsahihisha mwenziwe kwa yakini kamili. Mwenye kutunga kamusi akiandika maana moja na kuiacha ya pili kwa sababu shina haliikubali, atakuwa amewapotosha nusu ya wasomaji wake. Tena atakuwa amefundisha kanuni mbaya, kwamba maneno huhukumiwa kwa kuzaliwa kwao wala si kwa maisha yao.

Asili ya neno ni elimu ya thamani, na asiyeichunguza hukosa mengi. Bila intrare mtu hawezi kufahamu kwa nini mlango wa Rouen, chumba cha Versailles na sahani ya kuku vilishirikiana jina. Lakini asili hueleza neno lilikotoka. Haina uwezo wa kuliamrisha liendako. Wenye uwezo huo ni watumiaji, nao hawakufanya kazi kwa ujinga. Walikuwa na meza zilizobadilika, vita vilivyopunguza nyama, sheria zilizofunga nyumba za fahari, na jikoni zilizokata zamu. Kila mara walilishika neno kwa upande uliowafaa. Mmarekani yule mwenye sahani ndogo mbele yake hakukosea neno. Ameketi tu katika meza ambayo watu wake waliigawa kwa njia nyingine, na akila polepole, chakula kikuu chaja.